Mkufu Uliotoka Ukutani

Jumba letu la sanaa ni vyumba viwili vya nyumba ya zamani ya kanjo, yaani baraza la jiji, hapa Kaloleni, na mimi ndiye ninayeshika funguo. Hatutafuti faida, na kuingia ni bure. Tunaonyesha kazi za mikono za watu wa siku hizi: vikapu, vyungu, mapambo ya kuvaa. Anayeniuliza tunapata nini, mimi humwambia aingie kwanza, aangalie, ndipo tuongee. Sijawahi kuionea haya kazi hii, na sitaanza leo.

Katika onyesho moja tulitundika mkufu wa shaba uliowasimamisha wote walioingia. Aliyeutengeneza ni fundi mwanamke wa Gikomba, binti wa mtengeneza masanduku ya bati. Aliyeyusha mabomba makuukuu ya maji, akayafua vipande vipande, akaviunganisha hadi vikawa kola pana ya kufunika mabega. Watu waliusifu huku wamefunga mikono nyuma. Yeye sifa zilikuwa zimemchosha.

"Miaka yote hii, dadangu, hakuna aliyewahi kuvaa kitu changu," aliniambia. "Onyesho likiisha narudi kwa masanduku. Sanduku angalau mtoto huenda nalo shule."

Iliniuma, maana mkono wa yule mwanamke si mchezo. Lakini alikuwa amesema kweli.

Wiki hiyo hiyo akaingia msichana wa mtaa wetu, karani mmoja asiye na woga.

"Anti, mimi naolewa Jumamosi hapo kwa holi. Hii naweza azima?"

Ala! Nilimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nikamfokea kwamba hii ni sanaa, si sufuria ya pilau ya kuzungushwa kwa majirani. Kisha nikajisikia mjinga. Nani hapa kwetu amewahi kufanya harusi bila kuazima? Viatu vyangu vya harusi vilikuwa vya jirani, nikavijaza pamba mbele visinivuke. Nikampigia fundi simu.

Alikuja mbio, aproni bado kiunoni. Tulimvisha msichana, naye akapiga kelele, "Uuwi!" Ncha ya shaba ilikuwa imemchoma chini ya shingo.

"Kumbe ulimpimia nani kitu hiki?" nilimuuliza fundi.

Akatazama ukutani tulipoutoa. "Msumari," akajibu.

Tulicheka hadi tukashikilia ukuta. Halafu akauchukua, na hadi Ijumaa akawa anapiga tupa kingo na kukunja vipande vifuate mabega ya msichana. Wageni walipouliza mkufu uko wapi, niliwaambia unajiandaa kwa harusi. Wengine walidhani nawatania.

Jumamosi fundi alitaka kubaki nyumbani, eti hakualikwa. Nilimvuta mkono. Tangu lini harusi ya Kaloleni ikawa na kadi? Tukasimama karibu na mlango wa holi. Bibi harusi aliingia akicheza mabega na shangazi zake waliotoka magharibi mwa nchi, na vile vipande vikainuka na kushuka naye. Nyanya yake akaushika mkufu kwa mikono miwili, akauvuta auone vizuri, akauliza kwa sauti ni nani aliyemtengenezea mjukuu wake kitu kizuri namna hii. Msichana akanyoosha kidole mlangoni. Fundi alilia mbele ya holi nzima, nami nikalia naye, na sikujificha.

Jumatatu msichana aliurudisha ukinuka manukato, kipande kimoja kimepinda pale nyanya alipovuta. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti niutundike fundi alipoingia. Onyesho lilikuwa linakaribia kuisha, nikajua amekuja kuchukua vitu vyake arudi kwa masanduku.

"Shuka nao," akasema.

Nyuma yake alisimama msichana mwingine, simjui, anatabasamu kwa haya.

"Huyu anaolewa mwezi ujao," fundi akaniambia, tayari anamzungushia futi shingoni. "Na shingo yake ni fupi."