Fundi Aliyejifunza Mwanga kwa Mkeka wa Shemeji Yake

Saa moja asubuhi, Voi, Juni 1926. Fundi Miraj Kombo amesimama katika chumba chenye giza, kipande cha mkaa mkononi. Nyundo imelala sakafuni. Leo atatoboa ukuta, lakini kwa sasa anautazama tu.

Nyumba hii ya mawe ilijengwa na mfanyabiashara wa misafara kabla reli haijafika. Kuta zake ni nene, na madirisha ni matundu tu, kwa kuwa mwenyewe alihofia wezi kuliko giza. Mjukuu wake, Bwana Badawy, anataka chumba hiki kiwe cha kushonea kofia. Wanawake sita wanakisubiri.

Jaribio la kwanza liliharibika. Mwaka jana Miraj alifungua humu dirisha pana, chini, upande wa magharibi, kama alivyozoea katika nyumba mpya. Alasiri jua likapiga ndani moja kwa moja. Mwanga mwingine uligonga ardhi nyekundu ya uani, ukaingia na wekundu wake.

Saadiya, mshonaji na mke wa kaka yake, hakumstahi.

"Shemeji, dirisha lako linanitia pilipili machoni. Uzi mweupe nauona una hina. Umetujengea chumba au tanuri?"

Badawy hakucheka. Ukuta ulikuwa umeingia ufa, na ilibidi dirisha lizibwe.

"Nakupa nafasi moja tu, fundi," alisema. "Ukikosea tena, naibomoa nyumba ya babu yangu nijenge ya mabati."

Habari zilienea mjini. Kwa miezi mitano Miraj hakuitwa kazini popote. Akawa anashinda kwa kaka yake, akimtazama Saadiya akishona.

Ndipo alipogundua jambo. Shemeji yake husogeza mkeka mara saba kwa siku, wala hakai juani. Hukaa pale ukuta uliopakwa chokaa unapomrudishia mwanga. Kila aliposogea, Miraj alichora mstari wa mkaa sakafuni.

"Watu walidhani nimerogwa," anasema. "Mtu mzima natambaa nyuma ya mkeka wa shemeji. Kumbe nilikuwa nasoma."

Mistari hiyo ndiyo iliyomfundisha pa kutoboa katika nyumba ya Badawy: upande wa kusini, juu, karibu na boriti. Tundu litakuwa jembamba nje na kupanuka kwa ndani. Kitako chake kitainama na kupakwa chokaa, ili mwanga ugonge hapo, uruke hadi darini, kisha uwashukie washonaji.

Anaokota nyundo. Anagonga polepole, akitega sikio kila jiwe linapotoka.

Siku tisa baadaye chokaa imekauka. Saadiya anaketi katikati ya chumba, anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, na kushona safu nzima bila kusogea. Badawy yuko mlangoni.

"Bwana Badawy," Saadiya anasema bila kuinua kichwa, "mabati yako kaezekee kuku."

Badawy anapitisha kiganja ukutani kutafuta ufa. Haupo.

"Waite wenzako," anasema.

Sasa Danson, mzee wa kanisa huko Sagalla, amemwomba Miraj alitie mwanga kanisa lao kuukuu la mawe. Hofu ya fundi ni kuharibu kilichodumu kuliko yeye.

"Wamenipa wiki mbili," anasema. "Ya kwanza sitagusa jiwe. Nitakaa nyuma kabisa ibadani, nione kila mmoja anakigeuzia wapi kitabu chake."