Ngazi Tatu za Mlango wa Mbele

Mfagiaji wa bustani yetu hapa Arua huanza kazi kwenye ngazi tatu za mawe zisizokwenda popote. Zamani eneo lote lilikuwa shamba la tumbaku la Mzungu mmoja. Nyumba yake ilishabomoka, zikabaki ngazi za mlango wa mbele na nyasi tunazokalia kucheza karata. Mfagiaji huzifagia ngazi hizo mkono mmoja mgongoni, akipiga mluzi nyimbo za kanisani kwa mwendo wa dansi, na kabla ya kukanyaga nyasi hujifuta viatu kama anayeingia sebuleni. Sisi tulikuwa tukimcheka. Jumamosi alikuja bibi mmoja kutoka Ajia, aliyewahi kufua nguo katika nyumba ile. Bustani iko wazi pande zote, lakini alizunguka mbali hadi palipokuwa jiko, ndipo akaingia. Mfagiaji akatupa ufagio, akamkimbilia.

“Mama, mulango iko mbele.”

“Sisi tunapita nyuma, mutoto yangu.”

“Hapana. Mwenye nyumba sasa iko mimi. Kuja.”

Akamshika mkono, wakapanda polepole. Walipofika juu, bibi aligeuka, akashuka peke yake.

“Ngoja,” alisema, akijifuta viatu. “Hii nimepanda na woga. Sasa napanda muzuri.”