Kinu cha Lamiat Kilipokosa Chumvi

Ukikaa kisiwani kwetu mwaka mmoja utajua kula. Ukikaa kumi na moja, kama nilivyokaa mimi, mgeni mpangaji, katika chumba cha juu cha Shangazi Lamiat, utajua kusikiliza. Asubuhi kila jiko lina kinu chake cha jiwe, na kila kinu kina sauti ya mwenyewe. Cha Lamiat kilikuwa na mwendo wa mtu anayepanda ngazi bila haraka.

Kinu ndicho kilichomwoza. Alivuka maji kutoka bara akiwa na miaka kumi na tisa, ameletwa kuonwa na watu wa Thawin, kijana aliyetafutiwa mke. Hakuna aliyemuuliza anajua nini. Mama wa Thawin alimpa pilipili, chumvi ya mawe, kitunguu saumu na manjano, akamwambia atwange, kisha akaenda kukaa nyuma ya ukuta na binti yake Prayong, wakasikiliza. Ndivyo wanawake wa huku walivyokuwa wakichagua mkamwana: anayesitasita ni mvivu, anayetwanga kwa pupa ana hasira. Kinu kiliponyamaza, alitoka Prayong, wakati huo msichana wa miaka kumi na mitatu, akasema, "Mama anasema njoo ule."

Tangu hapo wakawa mawifi, nyumba na nyumba, katikati ua wa mianzi. Miaka arobaini walitaniana juu ya ua huo. Lamiat akichelewa kuamka, Prayong alimuuliza kama siku hizi ameolewa na godoro. Lamiat naye alimjibu kwamba afadhali godoro, halina dada.

Halafu Thawin akafa kwa presha. Siku ya kuchoma maiti yake, Prayong alisimama mbele ya watu, macho mekundu, akasema, "Kaka yangu kauliwa na chumvi ya mtu." Alisema mara moja tu. Lamiat hakumjibu, siku hiyo wala miaka miwili iliyofuata. Ua ukabaki ua.

Sasa, mwezi wa kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo wa huku, wafu hupewa ruhusa ya siku kumi na tano. Wanakuja kuwatazama watu wao, na siku ya mwisho wanaagwa hekaluni kwa chakula walichokipenda. Watawa hula kwa niaba yao, nao wafu hushiba. Asiyewekewa kitu hurudi alikotoka na njaa ya mwaka mzima. Thawin alipenda kitu kimoja tu, mchuzi mchachu wa manjano wenye samaki na machipukizi ya mwanzi, na hakuwahi kuula wa mwanamke mwingine. Hata sokoni alikuwa akikataa kuonja.

Mwaka wa pili baada ya kifo chake, wiki tano kabla ya siku hiyo, Lamiat aliugua mafua makali. Mafua yakaondoka na pua yake. Niligundua nilipomkuta amesimama mbele ya sufuria ya tui linaloungua, ametulia, anachambua mboga. Akaniomba nisimwambie mtu.

Nikamshauri aonje tu kwa ulimi, ulimi si ulikuwa mzima? Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani. Chakula cha watawa hakionjwi. Mpishi anayekiwahi kwa kijiko atakuja kuwa yeye mzimu wenye njaa. Maisha yake yote alikuwa akipima kwa mvuke: anainama, ananusa, anajua. Nikasema basi mimi nitamnusia.

"Wewe," akasema, "bado una pua ya mgeni. Kwako kila kitu kinanukia vizuri."

Siku ya mwisho ilipofika, saa kumi na mbili asubuhi, aliketi chini jikoni, kinu kati ya magoti. Mimi nilikuwa namenya manjano. Alitia pilipili kavu, akaanza. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya hekaluni tayari. Sikuona kibaya chochote. Mchi ulipanda na kushuka, nami nikawaza kwamba pengine mambo yatakwenda.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Wifi."

Mchi ukasimama.

"Pilipili zinateleza. Kinu kinalia kitupu." Kisha, "Hujatia chumvi."

Nikatazama. Bakuli la chumvi ya mawe lilikuwa pale pale rafuni, halijaguswa. Chumvi ndiyo huzishika pilipili zisagike. Bila hiyo mchi hauna cha kung'ata. Sijui mpaka leo kama mkono wa Lamiat ulisahau au uliogopa.

Hakuinuka. Macho yake yalikuwa kwenye kinu.

"Niliambiwa chumvi yangu inaua," akasema, si kwa sauti kubwa.

Upande wa pili nikasikia kuku wa Prayong wakiparura.

"Ameshakufa," Prayong akasema. "Sasa mwache ale."

Lamiat akanyoosha mkono nimpe bakuli. Akatia gao dogo, akatwanga. Prayong akasema bado. Akatia tena, akatwanga, na sasa hata mimi nikasikia: sauti ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama miguu kwenye changarawe. "Hapo," ikasema sauti ya ng'ambo. Vikafuata kitunguu saumu, manjano na uduvi uliochachushwa, na kila mara Prayong alisema hapo, naye Lamiat aliacha.

Hekaluni, watawa walipokwisha kula, tuliketi mkekani kula kilichobaki. Lamiat hakugusa mchuzi. Alikuwa akimtazama wifi yake. Prayong alitia kijiko, akatafuna polepole. Jasho likamtoka puani, akalifuta kwa kiganja, akavuta sahani ya wali karibu na kujiongezea bila kuuliza.

"Ukwaju umepungua kidogo," akasema mdomo ukiwa umejaa.

Lamiat akachukua kijiko chake, naye akala.