Waridi Lililogeuka Jeupe

Kwenye kilima kile cha Masisi, mtu aliyepanda kitu kisicholiwa, kisichoezeka nyumba wala kulisha mbuzi, watu walimwona kama ana wazimu kidogo, au ana mzungu. Raphaël Nzabandora alikuwa na mzungu. Alifanya kazi ya bustani kwa Madamu, mke wa mlowezi aliyelima pareto, na siku alipoaga kwenda kuchimba mawe ya bati upande wa Walikale, Madamu alimpa mche wa waridi jekundu, mizizi yake imefungwa kwenye kipande cha gunia chenye udongo. Ulikuwa mwaka 1949, mvua za Septemba zikianza.

Raphaël aliupanda mwenyewe kando ya mlango, pale ambapo mkewe, Rosalie Mukandori, alizoea kuanika maharagwe.

"Hii roza," alisema akikanyagia udongo kwa kisigino, "nikirudi niikute. Vingine vyote unaweza kubadilisha, lakini hii niikute."

"Na mimi je?" Mukandori aliuliza. "Unikute ao usinikute?"

"We uzeeke tu polepole."

Wakacheka wote, hata mama mkwe, Nyiransabimana, aliyekuwa ameketi kizingitini akimenya mihogo. Mukandori na Raphaël walikuwa wamefunga ndoa kanisani miaka kadhaa kabla, na hawakuwa na mtoto. Jambo hilo lilikuwa bado halijaanza kusemwa kwa sauti.

Mukandori hakuwahi kutunza ua. Alitunza kama alivyojua kutunza. Aliutia mche samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, akafunika shina kwa majani makavu ya mgomba ili jua la Januari lisikaushe udongo. Vidudu vya kijani vilipojazana kwenye vitumba, alivisugua kwa vidole vilivyolowa maji ya sabuni, kimoja kimoja. Alizungushia matete mbuzi wasifike. Kabla ya Krismasi waridi lilitoa maua mekundu mazito, harufu yake ikaingia ndani ya nyumba na kukaa humo pamoja na moshi. Alikata machache akayapeleka misheni, na wanawake waliopamba altare wakampa nafasi kati yao. Tangu siku hiyo aliitwa Mama Roza.

"Mama Roza," jirani mmoja alimtania njiani, "bwana akirudi na njaa, utamupikia maua?"

"Nitamupikia maharagwe, ale akinusa maua. Wewe, bwana yako anakula akinusa nini?"

Alikuwa na furaha siku zile. Raphaël alirudi Pasaka ya kwanza na samaki wa chumvi na kitambaa. Pasaka ya pili alirudi tena, akakaa siku chache tu. Baada ya hapo hakurudi. Zilikuja salamu peke yake, zikiletwa na watu waliopeleka maharagwe soko la Kashebere na kurudi na mafuta ya mawese. Yuko muzima, walisema. Kazi ni nyingi. Mukandori aliuliza yuko wapi hasa, nao wakasema upande wa Mpofi, huko huko machimboni, kisha wakaanza kuzungumzia barabara.

Mwaka 1952 waridi lilichoka. Majani yalishika madoa meusi yakaanguka, tawi moja likakauka hadi chini. Mukandori aliongeza samadi. Ndipo, karibu kabisa na udongo, chini ya nundu ndogo iliyokuwa kwenye shina, likatokeza chipukizi. Lilikuwa limenyooka, laini, la kijani kibichi, na kila wiki lilikuwa limepanda shubiri nzima. Akamwita mama mkwe aje kuona.

Nyiransabimana alikuwa na shamba la ndizi ambalo watu walilisifu mpaka ng'ambo ya mto. Aliinama, akalishika chipukizi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Njo vile, ni vile vile inatakiwa. Mama amechoka. Ona mutoto anavyokuja na nguvu! Kata mama, acha mutoto."

"Nikate hii yote? Bwana alisema aikute."

"Ataikuta kwa mutoto wake. Ni mugomba gani umewahi kuona ukikaa na mama muzee mpaka mutoto anakufa njaa? We umezaliwa wapi, mutoto wangu?"

Alizaliwa hapo hapo, kwenye vilima hivyo, na hakuna mtu wa vilima hivyo ambaye angefanya vinginevyo. Mgomba ukishazaa unakatwa, na yule anayetoka shinani anashika nafasi. Ndivyo nyumba inavyokula mwaka hadi mwaka. Mukandori alikata shina la zamani kwa kisu kikali, juu ya nundu tu, akapaka majivu kwenye kidonda. Samadi yote akampa yule mtoto.

Chipukizi lilikua kuliko alivyotarajia. Lilifika kwenye nyasi za paa, likatoa matawi marefu yenye miiba iliyopinda. Mukandori aliwaambia wanawake wa misheni kwamba mwaka huo maua yatajaa vyombo vyote vya altare. Kisha likachanua. Maua yalikuwa madogo kama kifungo cha shati, yamekaa kwa vishada, petali tano tano, meupe.

Alisimama mbele yake na ndoo mkononi. Alifikiri ni majivu. Msimu uliofuata hakutia majivu, likachanua jeupe tena.

"Labda ni baridi," mama mkwe alisema, na hakulitazama muda mrefu.

Raphaël alirudi mwaka 1954, kiangazi, juu ya baiskeli, na viatu vilivyolia akitembea. Alimsalimia mama yake, akamsalimia mkewe, akaona ua. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akafukua udongo kidogo shinani, akapapasa kwa kidole gumba pale penye nundu na chini yake. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akapangusa mkono kwenye suruali.

"Roza yangu iko wapi?"

"Njo hii."

"Yangu ilikuwa nyekundu."

"Iligeuka, papa. Sijui namna gani. Iligeuka."

Jumapili, baada ya misa, aliwaita wakubwa wa ukoo, wakaketi mbele ya nyumba, waridi jeupe likiwa nyuma yao. Mukandori alieleza tena: lilichoka, akakata mama, akaacha mtoto, mtoto akatoka mweupe. Sebarenzi, baba mdogo wa Raphaël, alikuwa mtu wa maneno, akainua mkono.

"Ngoja nielewe. Mimi niko na mbuzi mweusi. Nikimufunga kwako leo, kesho utanirudishia mweupe, unaniambia amegeuka?"

Watu walicheka sana. Hata Mukandori alitabasamu kidogo, kwa sababu likisemwa hivyo hata yeye lilimshinda.

Raphaël peke yake hakucheka. "Kwa Hubert, mupishi wa Madamu, iko roza nyekundu mulangoni," alisema kwa upole. "Ninyi wote mumeiona. Hubert aliipata wapi? Na kwa ajili ya nini?"

Kicheko kilikatika. Ni kweli waliiona; ilikuwa na wekundu ule ule, harufu ile ile. Hakuna aliyesema kwamba Hubert alishinda kutwa kwenye nyumba yenye bustani nzima ya maua hayo. Mukandori alimgeukia mama mkwe.

"Mama, sema. Njo wewe uliniambia nikate."

Nyiransabimana alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Mimi niko muzee," alisema. "Mambo ya maua ya wazungu siyajui."

Wakubwa waliamua kwamba alimpa Hubert ua la mumewe, na Mukandori akarudishwa kwa baba yake, kilima cha pili. Ndoa ya kanisani haivunjwi, kila mtu alijua, na mwanamume anayeleta mwanamke mwingine juu ya ndoa hiyo hunyooshewa kidole. Lakini Raphaël hakunyooshewa. Alionewa huruma. Alipomleta mwanamke kutoka Mpofi, na mtoto wa kiume ambaye tayari alitembea, watu walisema: maskini, angefanya nini? Misheni, wanawake wa altare walimpokonya Mukandori vyombo vya maua, kwa adabu, wakimwambia apumzike. Hakuna aliyemwita tena Mama Roza.

Alikwenda Kashebere siku za soko, na maharagwe kichwani, kutafuta mawese kama wengine. Huko, mwaka 1956, mwanamume mmoja alimsimamisha kati ya vibuyu vya mafuta. Alikuwa Callixte, aliyefanya kazi pamoja na Raphaël kwenye bustani ya Madamu kabla hajahamia chini, upande wa Walikale.

"Shemeji! Ile roza tuliyofunga kwenye gunia, ingali hai?"

Mukandori alimweleza kwa maneno machache, kama mtu anayetaja ugonjwa ambao umekwisha kumzoea. Callixte alisikiliza, kisha akapiga viganja vyake.

"Ah, lakini ile ni mbili! Hukuambiwa? Juu ni roza nyekundu, chini ni roza ya pori, nyeupe. Mutu anaziunganisha pale kwenye nundu. Ile ya chini ni ya kushika udongo tu. Ikitoa mutoto unamung'oa haraka, sababu yeye njo ataua ile ya juu."

Mukandori alitua mzigo wake chini.

"Raphaël alijua?"

"Raphaël?" Callixte alicheka. "Yeye njo alinifundisha! Kila Jumamosi tulipita muti kwa muti, tunafukua, tunapapasa, tunang'oa. Madamu alikuwa anasimama nyuma yetu kama polisi."

Mukandori alikiona tena kile kidole gumba cha Raphaël, kikipapasa shinani, na kile kitambo alichochukua kabla ya kupangusa mkono. Alikuwa anachagua la kusema.

Callixte hakuombwa mara mbili. Jumapili iliyofuata alipanda hadi kwenye kilima kile, akawaeleza wakubwa mbele ya nyumba ile ile. Raphaël alikuwa kazini, Mpofi. Mama mkwe alisikiliza akiwa na mjukuu mapajani. Sebarenzi alikwenda kwenye shina, akaiona nundu kwa macho yake, akarudi akaketi.

"Basi tumesikia," alisema. "Hukumupa mutu. Ulikata mwenyewe, kwa mukono wako."

"Kwa neno la mama," Mukandori alisema.

"Nilijua hukumupa mutu," Nyiransabimana alisema ghafla. Alimpigapiga mtoto mgongoni, kwa upole. "Lakini unione na mimi. Ningefanya nini? Mutoto alikuwa anakuja."

Mukandori alisema hakuja kuomba kurudi. Aliomba kitu kimoja tu: mmoja wao asimame mbele ya misheni, watu wakitoka misa, aseme kwamba Rosalie Mukandori hakutoa ua kwa mwanamume yeyote. Wakubwa walitazamana.

"Mambo ya nyumba hatupeleki kanisani," Sebarenzi alisema.

Mukandori alisimama, akatikisa nyasi kwenye kitenge. Mlangoni, waridi lilikuwa limetanda ukuta mzima, limejaa vishada vyeupe, na juu ya matawi yake zilikuwa zimeanikwa nguo za mtoto. Mwanamke wa Mpofi alikuwa akizinasua kutoka kwenye miiba. Alikuwa kijana, na hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Mama," aliuliza kwa heshima, "wanasema ni wewe ulikuwa unachunga hii maua. Inapasua nguo za mutoto. Tunaikataje ife?"

Mukandori aliyatazama yale matawi aliyoyalisha samadi yote.

"Haifi," alisema. "Ukikata, itatoka tena chini. Umuulize bwana yako. Yeye anaijua tangu zamani."