Shingo ya Gitaa la Mume Wangu na Kidole Nisichokijua

Admin, jina langu lifiche kabisa, ndugu wa mume wangu wamejaa humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa Machame, huu mwaka wa tisa. Tuna watoto wawili, ng'ombe wa maziwa na kihamba cha migomba na kahawa. Mume wangu, Baba Neema, hanywi, hanipigi, na simu yake haina hata neno la siri. Lakini wivu nilionao sasa hivi, jamani, hata chakula hakipiti.

Yeye ndiye mpiga gitaa wa kwaya yetu usharikani. Majuzi gitaa lake la umeme lilianguka harusini, shingo ikapasuka, ile sehemu ndefu ya mti anayoishika kwa mkono wa kushoto. Fundi wa Moshi mjini akasema haiungiki, ila anazo shingo mbili za magitaa mengine na zote zinaingia. Baba Neema akanibembeleza, "Twende wote mama, ukanichagulie." Nikavaa kitenge kipya, nacheka njia nzima. Kufika, tukamkuta katibu wa kwaya, nimwite Anna, ametumwa na wenzake aangalie matengenezo. Anna anaimba sauti ya kwanza, hajaolewa, na anamwita mume wangu kaka. Mimi ananiita wifi. Wifi tangu lini?

Shingo moja ilikuwa nene, nyeusi, inang'aa. Nyingine nyembamba, imepauka kama mpini wa jembe la zamani. Nikaishika ile nyeusi, nikasema, "Hii hapa." Baba Neema akatabasamu, akamwambia fundi aifunge. Anna akadakia:

"Hapana wifi, hiyo nene itamtesa. Kile kidole chake cha mwisho si hakikunjiki? Hakitazifikia nyuzi. Kaka achukue nyembamba."

Fundi akamshikisha Baba Neema zote mbili, akasema dada amesema kweli.

Miaka yote hii namfulia, nimemuuguza malaria, nalala naye kitanda kimoja, halafu habari za kidole chake nije kupewa na mwanamke mwingine mbele ya fundi! Ningewafumania ningejua pa kuanzia. Ningepiga yowe, wazee wangeitwa. Sasa nimshtaki kwa kosa gani?

Jioni nikamuuliza. Akasema alijikata na panga akikata majani ya ng'ombe kabla hatujajuana, mshipa ukakatika.

"Anna aliniona mazoezini nashindwa, akaniuliza nina nini, nikamwambia."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Mama Neema, hukuniuliza."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anakula machalari yake ya ndizi na nyama tu. Lakini iliniuma kuliko tusi. Kisha akaongeza kwamba amemwambia fundi asubiri. "Nilisema utachagua wewe. Hata ukisema ile nyeusi nitaifunga, sitalalamika." Namjua, kweli hatalalamika.

Jumapili hii ni sikukuu ya mavuno na gitaa linatakiwa. Nikisema nyembamba, kila ibada nitakaa kwenye benchi nikisikiliza chaguo la Anna, naye amesimama kule mbele ananiangalia. Nikisema nyeusi, mume wangu atapiga akiumia, kwa sababu yangu.

Leo asubuhi nimempelekea chai. Mkono wa kulia ameshika ndizi, wa kushoto kikombe, na kile kidole kimesimama pembeni kama siku zote. Tangu uchumba namtania kwa kidole hicho, kwamba anaringa, anakunywa chai kama bwana mkubwa. Hata wageni nimewaonyesha, wakacheka, naye akacheka nao. Leo nimeingia jikoni nikalia.

Fundi anasubiri simu yangu. Mlioolewa mnaojua wivu, nishaurini, nimwambie shingo ipi? Na wewe Anna, kama unasoma, mimi si wifi yako.