Nilimpeleka baba yangu asiyeona kutazama filamu mpya: maoni yangu, na yake

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Niko Malaba upande wa Kenya, kazi yangu ni clearing agent, yaani napitisha mizigo ya watu mpakani, na haya nawaambia kama yalivyotokea. Nikiongeza chumvi mtaionja wenyewe.

Kila nikipeleka karatasi za ofisi Kisumu, nikimaliza naingia sinema. Sijui mambo ya waongozaji wala tuzo. Mimi ni mtu wa kununua popcorn na kulaumu.

Kwa hivyo kwanza zile nilizoona majuzi.

Ile ya viumbe kutoka sayari nyingine: meli zao zimeshuka mjini, kubwa kuliko soko la Bumala, na hakuna hata mtu mmoja ameuliza karatasi. Hapa kwetu mfuko mmoja wa sukari unaulizwa umetoka wapi. Sikuweza kufurahia kabisa. Kazi imeniharibu.

Ile ya mapepo: dada amesikia kitu kinakwaruza chini ya nyumba, akashuka kuangalia. Peke yake. Miguu mitupu. Teso nzima hakuna mtu angefanya hivyo. Tungeita majirani, tungeita pasta, na kesho yake tunahama.

Ile ya magari: gari limeruka kutoka ghorofani, likatua, na kioo cha pembeni hakijapasuka. Mimi nilipita tuta moja tu njia ya Moding nikarudi kuokota bampa.

Lakini hiyo ya magari niliiona nusu tu, na ndiyo sababu ya huu uzi.

Baba yangu aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala karibu maisha yake yote. Halafu presha ya macho ikamchukua polepole, na sasa haoni kitu.

Tangu hapo alikuwa anakaa tu nyumbani Amukura, redio imezimwa, ukimuuliza kitu anajibu neno moja. Na huyu ni mtu aliyekuwa akianza stori mpaka chai inapoa mbele yenu. Niliogopa, wakuu. Niliona tunampoteza na bado yuko hai.

Nikasema lazima nimtoe nje. Nikamchukua mpaka Kisumu, tukaingia ile ya magari. Nilifikiri hata kama haoni, milio ya injini ataijua.

Mwanzo alikaa vizuri. Baadaye akaanza kuuliza.

"Nani huyo amepiga kelele?"

Nikamnong'oneza ni polisi.

"Kwani gari imeanguka?"

Bado, baba. Inaruka.

"Inaruka kwenda wapi?"

Dada aliyekaa mbele yetu akageuka. "Boss, pole, lakini sisi wengine hatusikii."

Hakuwa na makosa, na alisema kwa adabu. Lakini mzee alisikia. Akanishika mkono.

"Turudi nyumbani. Mimi naharibia watu tu."

Tukatoka filamu ikiwa nusu. Nilijilaumu sana. Nilijua huyo sasa hatatoka tena kwake.

Nilikuwa nimesahau mzigo ofisini, kwa hivyo tulipitia Malaba. Nikawa natembea naye polepole, nimemshika kiwiko, tukapita karibu na kibanda cha video.

Kwa wasiokijua: ni ukumbi wa mabati wenye mapazia meusi, na kando ya skrini anakaa VJ, jamaa wa maikrofoni anayetafsiri filamu ikiendelea. Wetu ametoka ng'ambo Uganda, anajiita VJ Kachumbari, na kila mtu kwake ni "ssebo", yaani bwana. Huyo hatafsiri tu. Anakuambia nani ameingia, amevaa nini, na kwa nini mama mkwe wake hampendi.

Mimi nilikuwa simpendi hata kidogo. Filamu ni ya kutazama, wewe nani amekuuliza?

Sasa spika yake iko nje, na ilikuwa inanguruma: "Wanyonyi amefika juu ya mlima, ssebo! Mbele polisi, nyuma majambazi, na tumboni njaa!"

Mzee akasimama katikati ya njia.

"Huyo anasema nini?"

"Ni VJ tu, baba. Twende."

"Ngoja kwanza. Huyo Wanyonyi anaendesha nini?"

"Lori."

"Tuingie."

Ndani kulikuwa na madereva na turn-boys, wale wasaidizi wao, wanaongoja foleni ya mpaka isonge. Wakatusogezea nafasi benchi la nyuma. Filamu yenyewe ilikuwa ya Mmarekani fulani, lakini Kachumbari alikuwa ameshambatiza Wanyonyi wa Bumala, amebeba saruji.

"Wanyonyi anateremka! Ametoa gia, ameweka free, anaokoa mafuta!"

Mzee akalipuka. "Free? Kwa mteremko? Mwambie huyo mjinga aweke gia ndogo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kachumbari hakupoteza hata sekunde: "Wanyonyi, umesikia mzee wa nyuma? Gia ndogo, ssebo!"

Na mzee akacheka. Kile kicheko sikuwa nimekisikia tangu macho yaende. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa sandali.

Hapo hapo stima ikapotea.

Giza tupu, maikrofoni imekufa, watu wakaanza kuguna na kusimama.

"Mbona huyo VJ amenyamaza?" mzee akauliza. "Wanyonyi amefika wapi?"

"Stima imeenda, mzee," Kachumbari akamjibu. "Hatuoni kitu."

"Basi kaeni chini. Nitawapeleka mimi."

Wakuu, akawapeleka. Akaeleza vile usukani unatetemeka, vile breki zinanuka, vile turn-boy anaomba Mungu kwa Kiteso na hata si Mteso. Waliokuwa wamesimama walikaa. Nilisikia mtu mzima mwenye trela yake akisema, "Haki ya Mungu."

Stima ikarudi, skrini ikawaka.

Dereva mmoja akapaza sauti: "Zima hiyo kitu! Mzee hajafika Malaba!"

Kachumbari akazima.

Ile filamu ya Wanyonyi niliimaliza siku nyingine. Inaisha kwa mlipuko na busu, ya kawaida tu. Ya mzee ni bora: Wanyonyi anafika Malaba salama, halafu anakuta foleni.

Somo langu: nilihangaika kumtafutia mzee raha Kisumu, na mtu wa kumsomea filamu alikuwa hatua chache kutoka ofisini kwangu, na mimi ndiye nilikuwa namdharau. Siku hizi redio nyumbani Amukura inawaka tena.

Aliye na mzazi aliyejifungia ndani, tuambie ulimtoa vipi. Na wanaochukia ma-VJ pia karibuni, leo nawajibu mimi.

Jumamosi tuko benchi la nyuma. Mzee ameshauliza kama stima inaweza kupotea tena.