Bwawa Limejaa, Chemchemi Imekauka

Habari za msiba zilinikuta Igawa, basi limesimama abiria wanunue mchele. Mhandisi niliyepanga naye nyumba moja jijini Mbeya amefariki, na anazikwa kwao Kalenga. Mnajua sipendi kumsifu marehemu kwa desturi tu. Huyu alikuwa mbishi, mchoyo wa maneno, na chai yake aliinywa bila kukaribisha mtu. Lakini kazi aliijua: kutafuta mapango yaliyojificha ndani ya mawe ya chokaa, pale bwawa linapotaka kujengwa, na kuyajaza uji wa saruji ili maji yasitorokee chini.

Nilipata kumtembelea kazini, vilimani magharibi mwa Mbeya. Alikuwa amemwaga rangi nyekundu kwenye shimo alilochoronga, aone maji yanatokea wapi. Yakatokea kwenye chemchemi ya kijiji kilichoko bondeni. Akina mama wakamwaga ndoo, wakapiga yowe kwamba mlima unatoka damu. Akashuka, akachota kwa kiganja, akanywa mbele yao, meno yakawa mekundu, watu wakaangua kicheko. Ndipo mama mmoja akamuuliza, “Sasa mwanangu, ukiziba huko juu, sisi huku tutakunywa nini?” Kicheko kikakatika. “Mama, bomba litakuja,” akajibu. “Wakubwa wameniambia.”

Akaziba. Bwawa likajaa, chemchemi ikakauka, bomba halikuja. Sisi wa mjini tukawasha taa zetu kwa umeme wa bwawa hilo, tukasahau. Yeye alizunguka ofisi kwa ofisi hadi akastaafu, zile “njoo kesho” zikamzeesha, na kila alipopata nafasi alirudi kijijini kuwaambia kwamba bado. Nilimshauri aache kujitesa. Akanikaripia: “Wale hawakuahidiwa na wakubwa. Niliwaahidi mimi.”

Mazishini nilimkuta yule mama, amezeeka, amesafiri kutwa. Nilidhani kaja kulaumu. “Alitukausha, ndiyo,” aliniambia. “Ila wenzake wote hawakurudi hata kutusalimia. Yeye alikuwa anakuja.” Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha akaniuliza, “Sasa nani atakuja kutuambia bado?”

Aibu ya swali hilo ninayo mpaka leo. Nchi inahitaji mabwawa, sibishi. Lakini maji ya watu yatangulie kufika, ndipo tundu lizibwe.